Bendera ya Zamani: Ni Urithi au Ni Kidonda?

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali, Mtinko, Mkoa wa Singida)



Kila siku ya masomo, katika viwanja vya shule za Mtinko kama katika shule zote za Tanzania, watoto hupanga mistari mbele ya mlingoti mmoja wenye bendera moja. Rangi zake nne, kijani, njano, nyeusi na buluu, zinajulikana hata kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza juzi. Lakini mtoto huyo huyo, akifikia umri wa kusoma historia ya nchi yake, hukutana kitabuni na bendera nyingine. Hukutana na ile ya Mjerumani yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hukutana na ile nyekundu tupu ya Sultani wa Unguja. Hukutana pia na ile ya Mwingereza, iliyoteremshwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mwalimu hawezi kulikwepa. Bendera za namna hiyo zinapoonyeshwa hadharani, je, zinaonyesha urithi wa historia, au zinawatukana watu walioumizwa chini yake?

Wako wanaoliona swali hili kuwa dogo. Husema kwamba bendera ni kitambaa tu, na kwamba mtu mwenye shibe na kazi hana haja ya kugombania vitambaa. Historia ya nchi hii haiwaungi mkono. Vita vya kwanza vikubwa vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vilianza juu ya bendera.

Aprili 28, 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba huo Kampuni ilikodishwa utawala wa mwambao na ukusanyaji wa ushuru, kwa sharti kwamba kazi hiyo ingefanywa kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwezi wa Agosti mwaka huo maofisa wa Kampuni waliingia katika miji ya pwani kushika madaraka. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski. Huyu hakuridhika na bendera nyekundu peke yake, akataka na bendera ya Kampuni ipande. Liwali alipokataa, askari wa manowari ya Kijerumani walishuka pwani, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Wananchi wa Pangani hawakustahimili. Vita vilienea Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Lindi, na aliyejulikana zaidi kuwaongoza wapiganaji ni Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo Pangani Desemba 15, 1889.

Katika habari hii kuna jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini. Abushiri hakuwa mpenzi wa Sultani. Jamaa zake walikuwa na uhasama wa muda mrefu na ukoo uliotawala Unguja, na watu wengi wa mwambao walikuwa na manung'uniko yao juu ya utawala huo. Hata hivyo, siku mlingoti ulipokatwa, bendera ya mtawala asiyependwa ilikuwa ngao ya heshima ya mji. Isitoshe, vita vilipoendelea, wapiganaji wale wale walimhesabu Sultani kuwa ndiye aliyewauza kwa mgeni. Kitambaa kilikuwa kile kile, chekundu, nacho katika muda mfupi kilikuwa alama ya heshima na pia alama ya usaliti. Ni dhahiri basi kwamba bendera haina maana moja iliyoshonwa ndani yake milele. Maana yake hutokana na mkono unaoipandisha na jicho linaloitazama.

Watu wa bara wasidhani kwamba habari hizi ni za pwani tu. Singida nayo ilipandishiwa bendera. Wajerumani walijenga boma Mkalama, kaskazini mwa mkoa huu, na kutoka katika maboma ya namna hiyo ziliteremka amri za kodi na za kazi za shuruti. Wanyaturu hawakuzipokea kimya. Hadi leo wanamkumbuka mwanamke shujaa, Liti Kidanka, aliyepambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi za wazee husema kwamba aliwatumia nyuki dhidi ya askari wenye bunduki. Jina lake limepewa uwanja wa michezo wa CCM mjini Singida, uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua. Mjukuu wa watu wa Liti anapoiona bendera ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, haoni rangi tatu tu. Huona boma.

Lakini haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Wako Watanzania ambao babu zao walikuwa askari wa Kijerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, wakapigana miaka minne, wakatembea nchi nzima kwa miguu. Katika nyumba ya mjukuu wa askari kama huyo, picha ya babu aliyesimama chini ya bendera ile si sifa kwa mkoloni. Ni picha ya babu. Kumwambia mjukuu aichome moto ni kumwambia aichome sura ya mzee wake. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na asili ya mtu haichaguliwi kama nguo dukani. Huja yote, yenye fahari na yenye fedheha.

Ugumu huu unaonekana waziwazi zaidi Zanzibar. Bendera nyekundu tupu ilipepea huko kwa miaka mingi, na hata Mombasa ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, kwa sababu kwa mkataba wa 1895 Uingereza iliutawala mwambao wa Kenya huku ikikubali kwamba mwenyewe ni Sultani. Hali hiyo ilikoma mwaka 1963, mwambao ulipoungana na Kenya iliyokuwa ikipata uhuru. Desemba 10 mwaka huo huo Zanzibar nayo ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza, ikiwa na bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili. Bendera hiyo haikutimiza hata siku arobaini. Januari 12, 1964 yalifanyika Mapinduzi, na utawala wa Sultani ukaanguka.

Leo bendera hizo mbili huonekana hapa na pale mikononi mwa watu wenye asili ya Visiwani, hasa walioko ng'ambo. Mwenye kuipeperusha husema kwamba anakumbuka kwao, kwamba mzee wake alizaliwa chini yake, na wengine husema kwamba wanawakumbuka jamaa waliouawa au kufukuzwa mwaka 1964. Huzuni hiyo ni ya kweli, na hapana mwenye haki ya kuidhihaki. Lakini mwingine aliyezaliwa Unguja, ambaye babu yake alichuma karafuu katika shamba la bwana, huiona bendera hiyo hiyo na kukumbuka soko la watumwa lililoendelea hadi 1873, na utumwa wenyewe ambao haukukomeshwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Naye huzuni yake ni ya kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna faida kumweleza kwamba ung'ongo hauna sumu.

Zanzibar yenyewe haikulimaliza jambo hili kwa kurudi nyuma. Mwezi wa Januari 2005 ilianza kutumia bendera yake mpya ya buluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ya Jamhuri ya Muungano katika pembe yake ya juu. Wazanzibari wakapata alama yao wenyewe bila ya kuchukua ile ambayo kwa baadhi yao ni kumbukumbu ya mabwana, na kwa wengine ni kumbukumbu ya msiba.

Nchi nyingine zimekutana na swali hili, na majibu yao yafaa kujulikana. Rwanda ilibadili bendera yake Oktoba 2001. Ile ya zamani, nyekundu, njano na kijani yenye herufi R katikati, ilikuwa ya taifa tangu enzi za uhuru. Lakini baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilionekana haifai tena kuwa paa la nchi nzima, kwa kuwa wauaji walikuwa wameua chini yake.

Afrika Kusini iliiacha bendera yake ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu Aprili 27, 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Bendera hiyo ilikuwapo tangu 1928, kabla ya serikali ya makaburu kuanza siasa ya ubaguzi mwaka 1948. Kwa hoja hiyo watetezi wake walidai kwamba ni urithi wa Waafrikana, si alama ya ubaguzi. Mwaka 2017 ilionekana katika maandamano, na Taasisi ya Nelson Mandela ikalipeleka shauri mahakamani. Agosti 21, 2019 Jaji Phineas Mojapelo aliamua kwamba kuionyesha bendera ile bila ya sababu njema ni kauli ya chuki, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Aprili 2023. Lakini jaji hakuifuta bendera katika historia. Aliacha mlango wazi kwa kazi za elimu, sanaa, uandishi wa habari na mambo mengine yenye manufaa kwa umma.

Marekani nako, bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita vya 1861 hadi 1865 ili yaendelee kuwa na watumwa imegombaniwa kwa miaka mingi. Watetezi wake husema ni urithi, si chuki. Lakini katika jimbo la South Carolina bendera hiyo ilipandishwa juu ya jengo la Bunge mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu karne nzima baada ya vita, wakati ule ule watu weusi walipokuwa wakidai haki zao za uraia. Urithi uliosahauliwa muda wote huo ukakumbukwa ghafla siku mtu mweusi alipodai kuketi meza moja na mzungu! Juni 17, 2015 watu weusi tisa waliuawa kanisani mjini Charleston na kijana aliyekuwa amejipiga picha akiwa na bendera hiyo. Julai 10 mwaka huo iliondolewa katika viwanja vya Bunge.

Hata Ujerumani bendera ya nyeusi, nyeupe na nyekundu haijalala. Sheria ya nchi hiyo hukataza alama za Wanazi, isipokuwa zinapotumika katika mafunzo, utafiti au sanaa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye siasa za chuki wameigeukia bendera ya zamani ya Kaiza, na Agosti 29, 2020 waandamanaji waliipeperusha kwenye ngazi za jengo la Bunge mjini Berlin. Huenda wengi wao hawakuwahi kusikia jina la Mkalama. Lakini aliye Mkalama, Songea au Pangani anayo haki ya kuuliza ni siku gani wanazozitamani zirudi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 1, 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji. Yeye alisimama mbele ya makaburi, na wale walisimama na bendera. Historia ni moja, lakini hawakuwa wakifanya kazi moja.

Kutokana na mifano hii yaweza kutolewa kipimo ambacho mwalimu au mtumishi anaweza kukitumia. Yapasa kutofautisha baina ya kupandisha na kuonyesha. Anayepandisha bendera juu ya mlingoti, juu ya paa au juu ya gari, anasema: huu ndio utawala ninaoutambua, au ninaotamani urudi. Anayeionyesha bendera ndani ya kitabu, katika sanduku la kioo la makumbusho au ubaoni, huku maelezo yameandikwa pembeni, anasema: haya yalitokea, yajueni. Wa kwanza anadai utii, na wa pili anatoa ushahidi. Ushahidi haufai kufichwa hata kama unauma.

Kipimo cha pili ni cha wakati na mahali. Bendera ile ile inayowekwa katika maonyesho ya historia ina maana moja, na ikichomozwa katika mkutano wa watu wanaodai haki zao ina maana nyingine. Anayesema kwamba nia yake ni urithi hana budi kueleza kwa nini urithi huo ameukumbuka siku hiyo, mahali hapo, mbele ya watu hao.

Itaulizwa: nani atakayeamua kwamba tusi limetendeka? Kama kila mwenye kuumia akipewa haki ya kukataza, je, hakitabaki kitabu cha historia kisicho na kurasa? Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Kuumia peke yake hakutoshi kuwa sheria. Nchi isiyostahimili kuona alama za jana haiwezi kuieleza jana hiyo kwa watoto wake. Mtu akiweka picha ya babu yake sebuleni hajamkosea jirani. Mwanachuoni akichora bendera ya Sultani katika kitabu chake hajamrudisha Sultani. Lakini kuumia kwa watu ni habari, na mtu mwenye adabu hawezi kujifanya hakuisikia. Aliyeambiwa kwamba jambo fulani linamkumbusha jirani yake msiba, kisha akalirudia makusudi mlangoni pa jirani huyo, hawezi tena kujitetea kwa neno urithi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Iko pia njia ya tatu, nayo ni ya kuibadili alama maana yake bila ya kuiharibu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyevizima vita vya Abushiri. Waingereza walipoitwaa nchi waliiondoa, na mwaka 1927 palifunguliwa mjini humo Sanamu ya Askari inayojulikana hadi leo. Ile ya Wissmann ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Haikuyeyushwa, na baadaye imeonyeshwa katika maonyesho, si kwa kumtukuza Wissmann bali kuueleza ukoloni. Chuma ni kile kile, ila kimeteremshwa kutoka kwenye kiti cha utukufu kikawekwa kwenye kizimba cha shahidi.

Sasa, ndugu walimu, mambo haya yanaihusuje shule ya Mtinko? Yanaihusu kwa sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mitaala, na mwalimu ndiye anayesimama kati ya mtoto na jana yake. Mwalimu huyo asiogope kuichora bendera ya Mjerumani ubaoni. Wanafunzi wakiigiza habari ya Liti, wanaoigiza Wajerumani wabebe bendera yao ya karatasi, na mchezo ukiisha ikunjwe irudishwe kabatini. Ila asikubali hata kwa mzaha ipande juu ya mlingoti wa shule, kwa kuwa mlingoti ule si chombo cha kufundishia. Ni mahali pa kiapo.

Juu ya hayo, liko kosa la upande wa pili ambalo ni rahisi zaidi kutendeka darasani. Mwalimu anafundisha biashara ya watumwa, anaonyesha bendera nyekundu, kisha macho ya darasa zima yanamgeukia mtoto mmoja mwenye jina la Kiarabu au nywele laini. Au anafundisha habari za askari wa mkoloni, na mtoto mmoja anajulikana kijijini kuwa mjukuu wa akida. Mwalimu akinyamaza, au akacheka pamoja na darasa, basi bendera imetumika kuwa fimbo ya kumchapa mtoto asiye na hatia. Mtoto huyo hakumuuza mtu wala hakumtoza mtu kodi. Tusi halina upande mmoja, na anayekataza bendera isimuumize mnyonge hana budi kukataza pia somo lisimuumize mtoto.

Watumishi wa serikali nao wana sehemu yao. Mtumishi anayeombwa kibali cha maonyesho, sherehe au kumbukumbu yenye alama za zamani asikimbilie kukataa kwa hofu, wala kukubali kwa uvivu. Na aulize itaonyeshwaje, itaelezwa kwa maneno gani, na wazee wa mahali hapo wanasemaje. Maswali hayo hayagharimu fedha, na mara nyingi wazee wakishaulizwa kwa heshima hutoa ruhusa ambayo hakuna aliyetazamia kwamba wangeitoa.

Wazee hao wanapungua. Wale waliosikia habari za Liti na za boma la Mkalama kutoka vinywani mwa watu walioyaona kwa macho yao wamebaki wachache sana. Bendera ya Mjerumani imehifadhiwa Ulaya katika makumbusho, na hakuna hatari kwamba itasahauliwa. Maneno ya mwanamke wa Kinyaturu aliyekwenda mbio akajificha porini askari walipokuja kudai kodi hayamo katika makumbusho yoyote. Shule inayotaka kuonyesha urithi wa kweli yaweza kuanza hapo, kwa daftari, kalamu na watoto wawili waliotumwa nyumbani kwa bibi mmoja jioni, kabla hajazima taa.